Ninga Juu ya Mkuyu wa Konde

Mwezi wa Machi 2019, kaskazi ikielekea kuisha na mvua za masika zikiwa bado hazijaanza kumwaga, nilipata kazi ya kufuatana na kikundi cha watazamaji wa ndege kutoka Uingereza na Afrika Kusini waliokuwa wakienda Pemba. Kazi yangu ya kila siku ni kupiga picha za harusi Mjini Unguja, na aliyeniajiri alinieleza wazi kwamba ningehitajika kutafsiri, kubeba mizigo ya wazee miongoni mwao na kuwapiga wageni wenyewe picha za ukumbusho. Mimi nilikuwa na nia yangu ya pembeni. Nilizaliwa Wete, nikahamia Unguja nikiwa bado mtoto, na ukubwani ndipo niliposikia kwamba kisiwa chetu kina ndege wanne wasioonekana mahali pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule ndege wa manjano aliye mdogo kuliko shomoro, mwenye duara jeupe kulizunguka jicho. Niliazima lenzi ya milimita 400 kwa rafiki, nikajiapiza kwamba nitarudi na wote wanne.

Ndani ya boti ya kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, mmoja wa wageni, mwanamke wa makamo aliyewahi kusomesha jiolojia, alinieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza skuli. Bahari iliyo kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, kiasi kwamba enzi za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina kinachopita mita 800. Kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa hata wakati huo, na ndege waliokuwa wamefika huko wakazaana peke yao kwa muda mrefu sana, wakabadilika rangi, umbo na sauti. Nilimtafsiria kijana mmoja wa Chake Chake aliyekaa karibu yetu, naye akacheka akasema kwamba basi hata ndege wa Pemba wana ukaidi wa Kipemba.

Mwenyeji wetu tulimkuta Konde. Alikuwa mtu mzima wa rika la baba yangu, amevaa kofia ya viua, na darubini yake ya zamani ilining'inia shingoni kwa uzi wa kufungia mwani.

“Shikamoo mzee,” nilimwamkia.

“Marahaba mwanangu. Wa wapi weye?”

Nikamwambia Wete.

“Basi u mwenyeji kama mimi. Usijifanye mgeni.”

Wageni walimwonesha orodha yao ya ndege, iliyochapwa vizuri na kupangwa kwa jamii. Aliipokea kwa heshima, akaitazama, akairudisha. Kisha akaanza kutaja miti. Alisema mkuyu ulioko kwenye shamba moja nyuma ya kijiji umeiva, kwamba migomba ya karibu na lango la msitu imetoa maua, na kwamba kesho bahari itakupwa sana kwa kuwa ni bamvua, hivyo asubuhi ya kwenda pwani isipotezwe msituni. Nilitafsiri yote hayo nikiona wageni wakitazamana, maana wao waliuliza habari za ndege, na jibu lilikuwa la matunda na maji.

Ngezi ndio msitu mkubwa wa asili uliobaki Pemba. Ukitoka kwenye mashamba ya mikarafuu ukaingia humo, mwanga unapungua ghafla, na kwa mpiga picha jambo hilo ni balaa kuliko lilivyo zuri kwa mtembezi. Chini ya mivule na misufi mirefu imejaa mipapindi, mnazi-mwitu ambao nao ni wa Pemba peke yake, na majani yake yanafunika kila upenyo wa nuru. Kamera yangu ilikuwa ikinipa sekunde 1/60, mwendo unaotosha kumpiga bibi harusi aliyekaa kitako, wala si ndege asiyetulia tawini.

Ndege wa manjano mwenye jicho jeupe hakutusumbua. Yupo kila mahali Pemba, msituni, viungani na hata kwenye miti ya uani, na nilimpiga picha nyingi kabla hatujamaliza kifungua kinywa. Chozi naye ni mwenyeji wa vijiji, ila anataka subira. Dume ukimwona kivulini utasema ni kijidege cheusi tu. Kwenye ua la mgomba, pale jua lilipopenya, alijigeuza kidogo kunyonya asali na shingo yote ikawaka kijani, akajigeuza tena ikawa zambarau, kisha ikazima ikarudi weusi. Rangi ile haimo katika unyoya kama wino ulivyo kwenye karatasi. Inatokana na jinsi unyoya unavyouvunja mwanga, ndiyo maana picha tano za ndege yuleyule, aliyekaa pale pale, zilinitokea kama za ndege watano mbalimbali. Nimezihifadhi zote, na hadi leo sijaamua ipi ndiyo yenyewe.

Ninga alikuwa habari nyingine. Sisi watoto wa Wete tulikuwa tukimtega kwa ulimbo, na nilidhani namjua. Mzee hakutupeleka msituni kumtafuta. Alituongoza nje, kupitia njia ya ng'ombe, hadi kwenye ule mkuyu aliokuwa ameutaja, mti mkubwa uliosimama peke yake kati ya mihogo na mikarafuu michache iliyochoka. Tulisimama chini yake tukautazama na hatukuona kitu. Wageni waliinua darubini, wakashusha, wakainua tena. Mzee alikuwa akitazama chini. Baada ya muda alinyoosha kidole kwenye mchanga, na hapo nikaona vipande vya makuyu vikidondoka, kimoja hapa, kimoja kule, vingine bado na ukungu wa utomvu mweupe. “Huko juu kuna watu wanakula,” alisema.

Kuanzia pale macho yakazoea. Kulikuwa na ninga saba, pengine zaidi, wametulia katikati ya majani kwa namna ambayo kijani cha migongo yao kilipotea kabisa. Kichwa na kifua ni vya kijivu, na hapo ndipo wanapotofautiana waziwazi na ninga wa bara. Mmoja alishuka hadi ncha ya tawi, akageuka kichwa chini miguu juu ili alifikie tunda lililokuwa chini yake, akalichuna na kulimeza bila ya kuachia tawi. Niliongeza mwanga kwenye kamera mpaka anga nyuma yake ikaungua ikawa nyeupe tupu, kwa kuwa nisingefanya hivyo ndege angetoka kama kivuli. Nikapata jicho, nikapata doa la zambarau begani, nikapata ganda la kuyu limeshikwa mdomoni. Hiyo ndiyo picha ambayo baadaye wageni wote waliniomba.

Nilipokuwa bado nimeinua lenzi, mzee alinigusa mkono. “Mwanangu, upige na mti.” Nikamwambia kwamba kwa lenzi ile mti hauingii. Akasema nirudi nyuma. Kwa kumridhisha nilitoa simu, nikarudi hadi kwenye mihogo, nikaupiga mkuyu mzima pamoja na wageni waliosimama chini yake wameinua nyuso. Ndege hawakuonekana hata mmoja.

Njiani kurudi alinisimulia, na mimi nikawatafsiria wengine, kwamba tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja lakini ikaiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu ya visiwa hivi. Faida ilikuja huku, na misitu ikaendelea kukatwa huku ili ipandwe mikarafuu. Kwa maelezo yake, chozi na ndege wa jicho jeupe walikubali kuishi kwenye mikarafuu bila ya taabu. Bundi naye hulia humo. Ninga ndiye mwenye shida, kwa sababu karafuu haimlishi. Yeye anataka mti wenye matunda laini, na miti hiyo ndiyo mwenye shamba anayoiona haina maana.

Asubuhi ya bamvua tulikwenda Micheweni. Bahari ilikuwa imekupwa mpaka mbali, na kina mama walikuwa tayari kwenye mashamba yao ya mwani, wameinama, kanga zimefungwa viunoni. Mzee aliwaamkia, akawauliza kaa wamejaa upande gani. Mmoja akamwelekeza kwa kidevu kwenye fungu la mchanga upande wa kaskazini, na huko ndiko tulikoona kundi la ndege weupe wenye migongo meusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi uliokusudiwa kuvunja kaa. Hao si wa Pemba. Huzaa Arabuni, kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu, tena huzaa ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, ambako joto la mchanga husaidia kuatamia yai. Sijui ndege mwingine wa pwani mwenye desturi hiyo. Kuna kitu nilichokiona kwa karibu hapo: mtoto wa kijivujivu, mkubwa sawasawa na mama yake, aliyekuwa akimfuata hatua kwa hatua akilia na kuomba, naye mama akimvunjia kaa na kumwachia vipande. Walikuwa wamevuka bahari pamoja na bado alikuwa hajaacha kulishwa. Mmoja wa kina mama wa mwani alipoiona picha kwenye kioo cha kamera alisema, “Kama wangu,” na wenzake wakacheka sana.

Pembeni yao walikuwa sululu wachache na kitwitwi wa aina mbalimbali, na hao kwa wageni walikuwa hazina ya asubuhi ile. Wageni huwazoea wakiwa na rangi zao za kijivu za kaskazi. Mwisho wa Machi walikuwa wameanza kuvaa rangi zao za kuzalia. Wengine matumbo yao yalikuwa na mabaka ya wekundu wa kutu juu ya weupe uliobaki. Wekundu ukishakamilika wanaondoka kuelekea Siberia na Asia ya Kati kwenda kuzaa, na katikati ya mwaka utaupita ufuo uleule usiwaone isipokuwa wachanga ambao hawajafika umri wa kuzaa. Picha zangu za hapo ni za kawaida. Mwanga wa saa nne na nusu ni mkali, na maji yaliyotuama yanaurudisha usoni pa kamera.

Alibaki bundi. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na baada ya sala ya magharibi tuliingia Ngezi kwa barabara inayokatiza msitu. Nikiri kwamba mwili ulinisisimka. Nyumbani kwetu bundi ni ndege wa uchuro, na bibi yangu akimsikia juu ya paa alikuwa akitia chumvi motoni. Mzee alituzuia kutumia tochi yenye mwanga mweupe. Mgeni mmoja alitoa simu aliyokuwa amehifadhi sauti ya bundi huyo, akataka kuipiga ili ndege aje karibu, na hapo ndipo nilipomwona mzee amebadilika. Aliniambia nimwambie hivi: ndege akisikia sauti ile anadhani mwenzake ameingia mtaani kwake, anaacha kuwinda, anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo, na kesho kikundi kingine kitakuja kumfanyia vilevile. Nilitafsiri bila ya kupunguza neno. Mgeni akairudisha simu mfukoni, kwa uso wa mtu aliyelipia kitu asichopewa.

Tulisubiri. Sauti ilikuja yenyewe, “hu” moja, kimya, “hu” nyingine, kwa kipimo kilekile kila mara, na upande wa pili wa barabara mwenzake akajibu. Mzee akawasha tochi aliyoifunika kwa karatasi nyekundu. Bundi alikuwa kwenye tawi la usawa wa dari ya nyumba, wa rangi ya kahawia yenye wekundu, mdogo kiasi cha kutosha kwenye viganja viwili, akatutazama kisha akatazama pengine. Nilipiga picha kwa sekunde 1/15 nikiwa nimeegemea mti, na zote zilitoka na ukungu. Kwa hiyo ahadi niliyojiwekea ya ndege wanne ilitimia robo tatu, na yule mgeni wa simu, mwenye kamera bora kuliko yangu mara nyingi, naye aliondoka na ukungu kama wangu.

Niliporudi Unguja nilimtumia mzee picha kwa WhatsApp, nikianza na ya ninga aliyegeuka kichwa chini. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Alisema mashallah, ndege ametoka vizuri hadi kope zinaonekana, lakini yeye anataka ule mti mzima na wageni chini yake. Mwenye shamba alikuwa amempata mnunuzi wa mkaa, na mzee alitaka kumwonesha kwamba watu wametoka Uingereza kuja kusimama chini ya mkuyu wake, na kwamba wangeweza kulipa kila mwaka. Picha ya simu ilikuwa na kasoro zake, na anga lilikuwa limeungua. Niliirekebisha nilivyoweza, nikaichapisha kwa ukubwa wa A3, nikaikunja ndani ya bomba la plastiki na kuipeleka bandarini Malindi, nikampa msafiri wa boti ya asubuhi aliyekuwa akienda Konde.