Bahasha ya mama na bajeti ya jimbo

Jumamosi nimekaa mezani na mama mmoja tunayesali naye hapa Marekani, katikati yetu bahasha kutoka ofisi ya jimbo, imefunguliwa na kukunjwa mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Ni fomu ya kurinyuu fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula. Interviu ya simu alishaikosa manake walimpigia akiwa shifti, simu iko kwenye loka, na yeye akipiga anasikilizishwa muziki wee alafu laini inakata. Anafanya kazi, ana watoto watatu, na tarehe ya kukatiwa imeandikwa pale chini kwa herufi ndogo.

Watu wengi tukisikia SNAP, ndiyo jina rasmi la fudi stempu, tunaangalia Washington tu, na kweli programu ni ya serikali kuu, sheria yake ni ya 1964 na hela ya chakula imekuwa ikitoka huko yote. Lakini simu ya huyu mama inapokelewa na nani? Wafanyakazi waajiriwe wangapi, fomu iwe ndefu kiasi gani, ni jimbo linaamua. Hata kikomo cha kipato, kuna majimbo yamekipandisha mpaka asilimia 200 ya mstari wa umaskini na mengine yamebaki 130, yaani familia ileile ikivuka mpaka jibu linaweza kubadilika.

Sasa sheria ya serikali kuu iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeyabana majimbo zaidi. Kuanzia Oktoba 2026 jimbo linabeba asilimia 75 ya gharama za uendeshaji, zamani ilikuwa nusu. Kuanzia Oktoba 2027, jimbo ambalo makosa yake ya malipo (kulipa familia zaidi au pungufu) yamefika asilimia 6 litaanza kuchangia hela ya chakula yenyewe, kati ya asilimia 5 na 15 (machache yenye makosa makubwa sana yanaweza kuahirishiwa). Mwaka wa 2024 wastani wa makosa hayo nchi nzima ulikuwa asilimia 10.93, kwa hiyo sio majimbo mawili matatu yanayoguswa.

Na makosa sio wizi jamani. Mara nyingi ni masaa ya kazi yameandikwa vibaya, au kodi ya nyumba imebadilika na haijaingizwa, na hata familia ikilipwa pungufu inahesabiwa kosa. Ila mtu aliyenyimwa kabisa kimakosa haingii kwenye asilimia hiyo. Hapo ndipo naogopa, manake jimbo likitaka namba ishuke haraka, njia rahisi ni kuongeza makaratasi na interviu mpaka watu kama huyu mama wadondoke wenyewe, na kwenye ripoti itaonekana kazi imefanyika vizuri.

Kwa hiyo mabunge mengi ya majimbo yakianza vikao Januari, tuombe kitu kinachoeleweka: hela ya kuajiri kesiwoka zaidi (wale wafanyakazi wanaoshughulikia mafaili ya watu), wakalimani, na barua zinazosomeka. Ukienda mbele ya kamati ya bunge la jimbo unapewa kama dakika 2 au 3 hivi, usizimalize kwa salamu, sema jina lako, mtaa wako, nini kilitokea, na unataka wapige kura vipi.

Tulipiga picha kila ukurasa tukatuma, Jumatatu atapiga tena simu wakati wa breki. Bahasha ameniachia. Nimemuuliza kama naweza kwenda nayo kwenye kamati, akasema nenda nayo mwanangu, ila jina langu lifute.