Nilivyoitumia akili unde kulinda pasi za mabaharia Tanga

Ofisi ya wakala wa meli hapa Tanga hupokea nakala za pasi za mabaharia kabla meli haijafika gatini, ili orodha yao ipelekwe Uhamiaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Akili unde niliipa kazi moja tu: kumtambua anayezifungua kinyume na mazoea. Pasi zenyewe haizioni.

Nilianza na logi, yaani kumbukumbu za matumizi ya mfumo, za miezi mitatu: nani kafungua, saa ngapi, kompyuta ipi, faili ngapi, ngapi zimenakiliwa nje. Majina na namba za pasi niliyaondoa, nikaweka alama zilizokokotolewa kwa HMAC, yaani heshi (alama isiyoweza kugeuzwa kuwa maandishi ya awali) inayochanganywa na ufunguo wa siri. Heshi tupu, bila ufunguo, haitoshi: namba ya pasi ni fupi na mpangilio wake unajulikana, hivyo mdukuzi hujaribu zote mpaka aipate.

Saa zilinisumbua. Seva iliandika UTC, saa ya kimataifa, kompyuta za ofisini saa ya hapa, tofauti ya saa tatu. Karani aliyeingia mara moja akaonekana kaingia mara mbili. Sawazisha saa kwanza.

Modeli, yaani programu inayojifunza mazoea kutoka kwenye logi hizo, ina miti 100 (kila mti ni mfululizo wa mikato inayogawa matukio), kila mmoja ukipewa matukio 256 ya kubahatisha; tukio linalotengwa kwa mikato michache ndilo la kutiliwa shaka. Kiwango cha kutilia shaka cha asilimia 1 kwa matukio 2,000 ya siku ni tahadhari 20, na hakuna atakayezisoma zote. Nikashusha hadi asilimia 0.2, zikabaki nne.

Bado meli ilipokaribia, karani halali alifungua pasi zote kwa dakika chache, hata saa nane usiku, na modeli ikamwona mwizi. Nikaongeza safu mbili za taarifa: saa zilizobaki meli ifike, na idadi ya mabaharia wake. Faili 22 kwa meli ya mabaharia 22 ni kazi. Faili 22 wakati hakuna meli inayotarajiwa, hapo napiga simu papo hapo.

Kufunga akaunti sikuiruhusu, maana ikikosea meli inakwama. Inasimamisha kunakili nje tu, hadi mtu athibitishe.

Kila mwezi naifundisha upya, lakini matukio ambayo hayajathibitishwa nayaacha nje. Anayenakili faili mbilimbili kila siku hugeuka mazoea machoni pa modeli, kwa hiyo yeye nimemwekea kanuni ya kawaida: jumla ya nakala kwa wiki, bila akili unde.