Nilivyokishinda kinyausi kwenye kitalu nyumba changu

Kila ninayemwambia kwamba nalima nyanya Njombe hunijibu neno moja: baridi. Mwaka jana nilichuma Julai, mwezi ambao asubuhi nyingine nyasi za uani zinaamka nyeupe kwa barafu. Kitalu nyumba changu ni mita 3 kwa 4 tu: nguzo za mirunda, matao ya mianzi, nailoni juu. Nailoni ndiyo iliyomeza hela. Vingine vyote nadhani havikuvuka laki na nusu. Baridi haijaniulia mche hata mmoja. Maji yameniulia trei nzima, kwa kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga.

Nilisia Januari. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, chota udongo mweusi wa shamba la viazi, ule una nguvu. Mwagilia asubuhi na jioni, na mlango ufunge joto lisitoke." Nikafuata yote. Siku ya 7 miche ikachomoza, nikawaita watoto waje waone. Siku ya 11 nikakuta michache imelala. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Kesho yake nusu ya trei iko chini. Nikang'oa mche mmoja nikausogeza kwenye mwanga: majani bado mabichi kabisa, lakini pale shina linapogusa udongo limenywea, jembamba kama uzi, rangi ya chai. Hicho ndicho kinyausi. Vimelea vyake vinaishi udongoni, vinapenda unyevu na hewa iliyotuama, na nilikuwa nimevipa vyote. Tena viazi na nyanya ni ukoo mmoja, wanaambukizana magonjwa mengi. Dawa niliyouziwa dukani haikuokoa kitu. Shina likishanywea, mche umekwisha.

Februari nikapika udongo. Nilichukua nusu pipa, maji kidogo chini, matofali, wavu wa chuma juu yake. Udongo wa msituni nikauchanganya na mchanga na mboji iliyoiva, ukiwa na unyevu kiasi, nikautia kwenye gunia la katani. Katikati nikafukia kiazi kimoja, ukubwa wa yai. Nikafunika, nikawasha kuni. Sina kipimajoto, kwa hiyo kiazi ndicho kipimo: kijiti kikipenya bila kusukumwa, udongo nao umeiva. Ilichukua kama saa moja na nusu. Nikauacha upoe hadi kesho yake.

Kumwagilia juu nikaacha kabisa. Trei naiweka kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, udongo unanyonya wenyewe, nikiona juu umebadilika rangi naitoa. Asubuhi tu, na siku ya mawingu sigusi. Saa tatu nakunja nailoni za pembeni, hata kama kuna ubaridi. Saa kumi nashusha. Miche niliyosia mara ya pili ikasimama karibu yote. Nikabaki na 30, mingine nikagawa.

Maua ya kwanza yalipukutika, maana ndani hakuna upepo wala nyuki. Tangu hapo kila saa nne asubuhi napita nikizigonga kwa kidole kamba zinazoshikilia mimea. Ukitazama dhidi ya jua unaona chavua ikidondoka kama unga. Wiki iliyofuata vitunda vikashika.

Julai yule mzee alikuja, nikamjazia ndoo. Alizunguka kitalu chote, akainama kuangalia mashina, kisha akaniomba pipa. Hadi leo liko kwake.