Jinsi nilivyowatoa wanaume wa parokia kwenye dhahabu ya Mjerumani

Naandika hii sababu nilipewa ushauri mbovu na ukanipotezea jioni nzima. Mimi ni katibu wa umoja wa wanaume parokiani kwetu, Kondoa. Kila baada ya muda tunakuwa na jioni yetu, mbuzi, soda, stori, saa nne kila mtu kwake. Nikaomba tuongelee michoro ya miambani kule Kolo maana hali ya kule inaniuma kweli, watu wanachimba mashimo chini ya mapango wakitafuta dhahabu ya Mjerumani, ile inayosemwa Wajerumani waliifukia wakati wa vita, wengine wanaandika majina yao kwa mkaa pembeni ya picha za twiga, na najua kabisa baadhi ya hao wachimbaji tunakaa benchi moja Jumapili.

Nikaambiwa na mtu anayejiita mzoefu, watishe na sheria. Basi nikakodi projekta, nikasoma Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kifungu kwa kifungu. Jamani, palikuwa kimya hadi nyama ikapoa, nikauliza maswali hakuna aliyeinua mkono, na baadaye ndo nikaelewa, ukishamwambia mtu hili ni kosa la jela nani atafungua mdomo? Akiongea tu amejitaja.

Mara ya pili sikubeba projekta. Mbuzi wawili, soda, kama laki tatu na kitu hivi, tukakaa kuzunguka moto. Nikamgeukia mzee wetu mmoja nikamwambia, baba, tusimulie ile dhahabu kama ulivyoisikia kwa marehemu baba yako. Eeh! Akaanza, masanduku, wapagazi usiku, askari kuuawa wasije wakasema, kila mtu akachangia lake, hata wale wasiosemaga kitu. Niliwaacha kama nusu saa, sikukatiza hata neno, na hapo ndo penye siri, usikatize.

Walipomaliza nikatoa simu nikawazungushia picha ya ile sarafu ya Mjerumani, rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Nikasema, dhahabu ya Mjerumani mnayoisema ni hii, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke hapo Iramba, na zilitengenezwa elfu kumi na sita na kitu tu. Kazi ilianza mwezi wa nne. Sasa mwezi huohuo wa nne 1916 jeshi la Jenerali van Deventer, aliyepigana upande wa Waingereza dhidi ya Mjerumani, lilikuwa limeshaingia Kondoa kutokea kaskazini. Wazee wangu, nani anabeba dhahabu kutoka Tabora aipeleke alipo adui?

Yule mzee alikaa akiangalia moto muda mrefu, halafu akasema, "Basi baba yangu naye alidanganywa." Sikuongeza neno.

Kikabaki kigingi kimoja, kijana mmoja akasema lakini katibu zile ni picha za mashetani na watu wanafanyia matambiko pale, sisi Wakristo zinatuhusu nini. Swali zuri na lazima ujiandae nalo. Nikamwambia zile nyekundu zilichorwa na wawindaji wa kale, ndugu zetu Wasandawe ndo wanatajwa kuwa na undugu nao, na mtu anayekaa kuchora swala hadi umjue ni swala alikuwa na akili na macho aliyopewa na Mungu huyuhuyu. Mama Mary Leakey alikuja 1951 kuzinakili moja moja, na 2006 UNESCO wakaziweka Urithi wa Dunia, sisi wa hapahapa ndo tunazichimbia!

Na kitu kingine, mkienda kupiga picha msiimwagie michoro maji ili rangi zikolee, maji yanatoa chumvi ya jiwe inakuja kuganda juu ya mchoro. Wala msijipeleke kufukia mashimo au kusugua mkaa wenyewe, sisi tulitaka kwenda na majembe, ofisi inayosimamia michoro pale Kolo wakatuambia tusiguse chochote bila wao.

Asubuhi yake alinipigia mwenzetu mmoja, alikuwa amechanga laki mbili na vijana fulani wanunue mashine ya kupima dhahabu. Akataka nimsindikize kuidai hela yake. Tumeenda mara mbili, hela bado hawajarudisha, ila mashine haijanunuliwa.