Kumtega au kumpima

Neno la yule mwalimu wa mwaka wa pili halijanitoka. Matanga ya baba mdogo yameisha, yaya, dada yangu mkubwa, amejifungua mtoto wa kike na wote ni wazima, umeme umerudi Katuba, hapa Lubumbashi, na mimi bado niko mbele ya tablo ile ya semina, nikiwaonyesha walimu jinsi ya kupima kama mtoto anajua kusoma, nimetoka kumpima mmoja mbele yao, yeye amesimama mikono nyuma, kwa heshima zote:

"Mama, ule mutoto anajua kusoma. Weye ndiye umemutega."

Nikamwambia nimempima. Akatikisa kichwa: "Kumutega haiko kumupima." Walimu wenzake wakacheka, tukaendelea na ratiba.

Mtoto mwenyewe alikuwa amesoma ukurasa mzima bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno. Ila kidole kilifika mwisho wa mstari kabla ya mdomo. Ni kidole cha kuangalia hapo, mdomo unadanganya. Nilipofunika picha na kumwomba aanzie mstari wa tatu, alinyamaza, kisha nikamsikia akinong'ona mstari wa kwanza, na wa pili, mpaka akaufikia wa tatu. Ukurasa wote alikuwa nao kichwani.

Huo si mtego, Papa mwalimu. Tangu shule ya msingi ya serikali hapa Kongo iwe ya bure 2019, madarasa yamefurika, na korasi, darasa zima kuitika pamoja, ndiyo inayoyashika: ba, be, bi, bo, bu, kutoka kushoto hadi kulia, kila asubuhi. Mwenye masikio mazuri anapanda darasa baada ya darasa bila kuijua b. Ndiyo maana tunatumia maneno ambayo hayapo, kebu, fipo, nulo, dagi. Hakuna aliyewahi kuyasikia, basi hakuna aliyeyakariri. Na korasi yenyewe si lazima ife: anza safu kutoka kulia, ruka, rudi nyuma, utaona nani anaimba na nani anasoma.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Mtoto mmoja mmoja, karibu na mlango, wengine wakinakili. Dakika moja kwa saa ya simu. Akisita sekunde tatu, mwonyeshe neno linalofuata, usimwanzishie sauti. Walimu wengi wanaharibu hapo hapo: midomo yao imeshajiumba f kabla mtoto hajafungua wake. Maneno kumi ya kwanza yote yakimshinda, simamisha, mshukuru, mpe kitu anachokiweza kabla hajarudi kwenye benchi. Akisoma "muntu" penye "mtu", au "apa" penye "hapa", usimhesabie kosa, ndivyo tunavyosema nyumbani hapa Lubumbashi. Na kadi za karto tunazoandikia maneno zikatwe upya kila mara, maana yenye kona iliyokunjika au doa la mafuta haisomwi tena, watoto wanaitambua kwa doa lake.

Hayo yote ningeweza kumjibu palepale. Lakini kipimo kisichofuatwa na kazi ya darasani Jumatatu ni mtego kweli, hilo simnyang'anyi. Semina ngapi mjini humu zimefundisha kupima tu, zikagawa fomu na bisikuti, picha ya pamoja, kwaheri?

Alhamisi usiku simu ikalia. Ni yeye. "Mama, ya ule nimeelewa. Na ule mwingine mwenye anasomaka polepole lakini hakosei, ni muvivu?"

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka watoto wakaja kuchungulia. Swali lile halikuwemo kwenye semina yote, na ndilo lenyewe. Herufi za Kiswahili zina utii: irabu tano, silabi ileile sauti ileile. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani mwenye akili timamu ila kusoma kunamshinda, anaweza kufika mwisho wa sentensi bila kosa hata moja, silabi kwa silabi, kwa jasho, na akifika huko mwanzo umeshampotea. Kinachomtaja ni mwendo wake wa polepole. Makosa yanamngoja kwenye Kifaransa, ambako o, au na eau ni sauti moja, na hapo ndipo anaitwa mjinga. Daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika 1896 kuhusu kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu, asiyeweza kusoma. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Hao watoto wapo Katuba, wapo Ruashi, wamekaa nyuma wanaitwa wavivu.

Nikamwandikia hadi betri ikakaribia kuzima. Masikio na macho kwanza: simama nyuma yake kwa urefu wa mkono, mnong'oneze maneno ayarudie, mlete mbele ya tablo uone kama anabadilika. Kisha kifungu cha maneno 40 au 50, akisome na mwenzake mara tatu au nne, dakika kumi kila siku, akianza na kile cha jana. Asisimamishwe mbele ya darasa kusoma kitu ambacho hajakiona. Historia aulizwe kwa mdomo. Kwenye hesabu, tahajia isimpunguzie pointi. Kwa wanaochanganya b na d, zisifundishwe wiki moja: b ikae kwanza, d ingoje. Na kumrudisha mwaka peke yake hakumsaidii, anarudia korasi ileile na aibu juu yake.

Amesoma, tiki za bluu ninaziona. Hajajibu. Nadhani ananiandalia swali lingine, na safari hii nalitamani.

Kinachoninyima usingizi sasa ni unga. Mahindi mapya bado yako shambani, mfuko wa kilo 25 umepanda tena sokoni, na nusu ya wageni wa matanga hawajasema wanaondoka lini.