Kivuli cha Mkono wa Mama

Mama yangu ni fundi wa nguo Kawangware, Nairobi, na kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa chini ya balbu moja iliyoning'inia darini, nyuma ya bega lake. Jioni aliponiita nimtungie uzi sindanoni, nililalamika kwamba balbu ile ni hafifu. Siku moja akanijibu, "Mwanangu, mwanga upo, ila mkono wangu unauziba." Jibu hilo ndilo chanzo cha kazi ninayojifunza leo, ya kusanifu lenzi na taa.

Nilipoanza kusoma fizikia Chuo Kikuu cha Nairobi, katika Kampasi ya Chiromo, nilifundishwa kwamba mwanga utokao kwenye chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali. Balbu iliyo mita 2 kutoka kwenye sindano ikisogezwa hadi nusu mita, sindano hupata mwanga mara 16, bila kuongezwa hata wati moja. Wikendi ile nilimfungia Mama taa ndogo upande wa kushoto, kwa kuwa hutumia zaidi mkono wa kulia, na kivuli kikahama kutoka kwenye mshono.

Hata hivyo, kilichonifunga kabisa katika fani hii ni tochi mbovu niliyoinunua soko la Gikomba. Niliifungua, nikaisogeza lenzi yake mbele na nyuma polepole, na ghafla ukutani pakatokea mraba mweupe, mkali, wenye ukingo wa manjano. Niliutazama muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba ilikuwa picha ya kile kipande cha LED chenyewe, yaani kijipande kinachotoa mwanga ndani ya tochi: kwa kawaida LED nyeupe ni kipande cha buluu kilichopakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano, na pembezoni manjano yalikuwa yamezidi. Msanifu wa lenzi za kamera huitafuta picha safi kama ile. Msanifu wa taa hutaka picha ivurugike kabisa, lakini kila mwale uangukie pale ulipokusudiwa. Kwa maoni yangu, kazi hii ya pili ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyoidhania, kwa sababu mwanga uliokwisha kutawanyika haubanwi tena katika eneo dogo bila pembe za miale yake kupanuka au sehemu yake kupotea.

Ugumu huo niliuonja katika mafunzo ya kazini. Nilichora lenzi ya akriliki, plastiki angavu, ambayo ndani yake mwale unaogonga ukuta kwa pembe inayozidi takriban digrii 42, ikipimwa kutoka mstari unaokutana na ukuta huo kwa pembe mraba, hauponyoki bali huakisiwa wote. Kwenye kompyuta kona zote zilikuwa kali kama wembe. Lenzi ilipotoka kwenye kalibu zilikuwa butu, na mwanga ukavuja juu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuutumia. Tangu siku hiyo huanza hesabu kwa kona butu.

Sasa ninasanifu lenzi ya kichwa cha cherehani, itakayotandaza mwanga sawasawa kandokando ya sindano. Nakala ya kwanza Mama aliirudisha kwa sababu ilimmulika machoni. Ya pili ataijaribu kwa kipimo chake mwenyewe: uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, saa mbili usiku.