Saa ya protini

Ninalowaza usiku huu ni muda. Katika saratani ya utumbo mpana, protini zinaweza kutudokeza mgonjwa ana matumaini kiasi gani. Lakini kila protini ina saa yake, na ikishapita hairudi.

CEA, protini inayoweza kutolewa na uvimbe huu, iliyoelezwa na watafiti Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal mwaka 1965, hupimwa kwenye damu, na damu hiyo itolewe kabla ya upasuaji. Ikizidi nanogramu 5 kwa mililita, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi. Uvimbe ukiondolewa wote, kiwango hushuka kwa nusu kila baada ya siku chache, na kufikia wiki ya sita kinatakiwa kiwe cha kawaida. Kisiposhuka, tafuta mabaki, ukianzia na ini. Huniuma kukuta faili lenye namba ya baada ya upasuaji tu: 3 ya leo utailinganisha na nini, ikiwa kuna uvimbe usiotoa CEA kabisa?

Sigara huipandisha. Ugonjwa wa ini pia, kwa kuwa ini ndilo linaloiondoa kwenye damu. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha huweza kuishusha kwa uongo katika baadhi ya mashine, kwa hiyo muulize mgonjwa anameza nini. Na abaki na maabara ileile, kwani mashine mbili huweza kutoa namba mbili kwa damu moja.

Kwenye nyama ya uvimbe yenyewe saa ni kali zaidi. MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6 ni protini za kurekebisha makosa ya DNA. Zikikosekana katika hatua ya 2, saratani ikiwa bado haijasambaa, mgonjwa ana nafasi nzuri ya kuishi, na dawa ya saratani fluorourasili peke yake haimwongezei kitu. Katika hatua ya 4, ikiwa imesambaa, mlango wa pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, unafunguka. Jibu la uongo linaumiza pande zote mbili.

Na uongo huo huanzia kwenye ndoo. Utumbo ukitumbukizwa mzima, bila kupasuliwa, katika fomalini (kimiminika cha kuhifadhi nyama) kidogo, nje hukakamaa na ndani huoza, maana fomalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa. Upasuliwe kwa urefu ndani ya saa moja, uwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 au zaidi ya nyama, kwa saa 6 hadi 72.

Baadaye kipande hutiwa rangi inayoshika protini hizo. Kwenye hadubini, viini vya seli za saratani visiposhika rangi, usiandike bado kwamba protini imepotea. Tazama limfosaiti (seli za kinga) na tezi za kawaida jirani, ambazo kwa kawaida huwa na protini hizo. Nazo zikiwa tupu, kipimo kimefeli, rudia. MLH1 ikipotea huondoka na PMS2, MSH2 huondoka na MSH6. Ukiona MLH1 haipo ilhali PMS2 imewaka vizuri, shuku rangi kabla ya kumshuku mgonjwa.

Kwa uvimbe wa rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) uliokwisha pigwa mionzi na dawa, MSH6 huweza kufifia kwa sababu ya tiba yenyewe. Hapo biopsi ya mwanzo, kipande kilichokatwa ili kutambua ugonjwa, ndiyo ya kupima: ni ndogo, fomalini huifikia yote upesi, na ilichukuliwa kabla ya tiba. Bloku ya nta inamohifadhiwa isitupwe.